Pete Isiyokatwa

Bwana Shaweji aliiweka pete juu ya mizani, akataka iyeyushwe atengenezewe nyingine ya bibi harusi mpya.

Mwanakheri, msimamizi wa karakana ya sonara, aliitambua. Ndiye aliyemvisha marehemu mke wa Shaweji, ikambana, na tangu hapo hata sabuni ilishindwa kuitoa. Pete za namna hiyo, mwenyewe akifa, huletwa karakana zimekatwa kwa msumeno. Hii ilikuwa nzima.

"Ilitokaje, Bwana Shaweji?"

"Aliivua mwenyewe. Alikonda mno mwishoni."

Mwanakheri alikuwa amekutana na marehemu sokoni siku chache tu kabla ya msiba, amenawiri, akibishania bei ya nyanya, pete imezama kidoleni. Akachukua uzi wa kupimia.

"Na bibi harusi? Tumpime kidole."

Shaweji alielekeza kidevu kwenye meza ya kung'arishia. Raya, fundi aliyefunzwa na Mwanakheri tangu hajui kushika tupa, aliinuka kwa haya na kunyoosha mkono.

"Ni mimi, dada. Tulitaka kukushtukiza."

Mwanakheri alimzungushia uzi kidoleni, akaulegeza kabla ya kufunga fundo.

"Dada, itanidondoka!" Raya alicheka.

"Ibane," Shaweji alisema taratibu. "Sitaki itoke."

Fundi wa moto alikuwa ameshaweka kalibu ya kuyeyushia motoni, imekuwa nyekundu, akamwita Mwanakheri alete dhahabu. Mafundi wote waligeuka. Mwanakheri hakusogea. Pete aliyoitwaa mizanini ilikuwa ndani ya ngumi yake, na ngumi haikufunguka.