Mapera ya Mbah Wiryo

Sarmi alilipasua pera kwa kidole gumba, na funza wakaruka wakamwangukia kwenye saruni. Akalitupa. Akafungua mfuko mwingine wa gazeti, akapasua, akatupa tena.

Alikuwa amefanya kila alichoambiwa. Mapera aliyafunga karatasi yangali madogo. Yaliyoanguka aliyaokota akayachoma. Alitundika chupa zenye mafuta ya kunukia, na wale nzi wenye kiuno cha manjano, wanaofanana na nyigu wadogo, wakaingia humo wakafa kwa wingi. Waliobaki waliendelea kudunga matunda na kutaga ndani yake kama vile hakuna aliyekufa.

"Kesho nifungulie mfuko mmoja tu, nione pera zima," alisema mumewe, Gunadi, huku akinoa panga. "Nikiona funza, mti unalala. Nataka pa kujenga banda la kuku."

"Mti wa marehemu mama huo."

"Mama hakupanda funza. Na usiniambie haiwezekani. Mbah Wiryo, babu wa hapo jirani, haoni hata sahani yake, na mapera yake ni safi."

Hilo ndilo lililomchoma Sarmi, kwa sababu lilikuwa kweli. Yule babu alifunga mapera kwa kupapasa, mifuko ikakaa upande, mingine mdomo wazi. Kila asubuhi aliyapapasa yale ya karibu na baraza, na kila jioni mkwewe, Tumini, alimchumia moja akamkatia. Naye alilitafuna kwa kelele ili mtaa mzima usikie.

Sarmi alishamchunguza Tumini mpaka akachoka. Alimwona akirudi sokoni alfajiri, kikapu kimefunikwa jani la mgomba. Alimwona akifukia kitu cha kwenye ndoo kando ya ukuta, akadhani ni dawa. Alipomuuliza, Tumini alicheka tu, akaichomeka sindano yake yenye uzi wa buluu kwenye kitambaa cha kichwani, kama mtu ambaye hamalizi kushona.

Jioni ile Sarmi alimeza kiburi akaenda.

"Mbah, nisaidie. Dawa yenu ni ipi?"

"Dawa ni mkono," mzee alisema, akinyoosha vidole vyake. "Nzi anamjua mvivu, mwanangu. Anamnusa."

"Wiki nzima silali, Mbah."

"Basi unakesha vibaya." Akacheka mpaka akakohoa. "Nenda hapo mtini ukafungue mfuko. Uone kazi ya mtu mzima."

"Nitamwonyesha mimi, Mbah," Tumini alisema haraka, akiinuka.

"Wewe kaa. Mwache ajifunze."

Sarmi alishika mfuko uliokuwa karibu na baraza, akaufungua. Pera lilikuwa nene, laini, halina hata alama moja ya kudungwa. Machozi ya hasira yakamlenga. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule.

Kikonyo kilikuwa kimekauka. Pera lilining'inia tawini kwa uzi wa buluu.

"Umeona sasa?" mzee aliita kutoka barazani.

Sarmi alimtazama Tumini, aliyekuwa amesimama mkono kichwani, juu ya sindano yake. Kisha akaufunga mfuko kama alivyoukuta.

"Nimeona, Mbah. Mkono wako hauna mwenzake."

Akamsogelea Tumini, akateremsha sauti.

"Dada, uzi umebaki?"