Kizuizi cha Darajani

Askari walipoleta viatu vya Shija bila mwili wake, mama yake, Nyanzobe, hakulia. Alivipanga mlangoni, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Shija, siku ile ya mapinduzi, ungewainulia waasi kizuizi ingekuwaje?"

Lubango ndiye aliyekuwa mlinzi wa zamu darajani. Aliwakatalia waasi wasivuke, mpaka jeshi la Rais likawakuta wamesongamana pale na kuwamaliza. Yeye akavishwa nishani, na Rais akaendelea kutawala mpaka waliokuwa vijana wakaota mvi.

"Wangeingia mjini," alijibu. "Labda nao wangekuwa wauaji vilevile."

"Labda. Lakini aliyemuua mwanangu si labda. Ni huyu uliyemlinda."

Lubango aliinuka. Alitoka, akaenda hadi darajani. Kizuizi kilikuwa kimeshika kutu, maana siku hizi magari yalipita daraja jipya. Alikisukuma kwa bega hadi kikanyanyuka, akabaki amekishikilia juu.

Mwanamke mmoja aliyejitwisha kuni alisita, akamtazama, kisha akainama kidogo na kupita chini yake, akielekea mjini.