Blanketi la Mama Panya

Mnana, ndege mfumaji aliyeuza mablanketi mtandaoni, alimpa Njiwa blanketi ampelekee Mama Panya aliyekaribia kujifungua. Siku tatu zikapita. Mama Panya akampigia Mnana simu kuuliza blanketi lake.

"Muulize Njiwa," Mnana alisema. "Mimi nilishamkabidhi."

"Dada, Njiwa simjui. Nilikuagiza wewe, na wanangu watazaliwa kwenye baridi."

Mnana aliona haya. Akafuma jingine, akalipeleka mwenyewe huku akimlaani Njiwa mwizi.

Njiani alimkuta kichakani, bawa limevunjika, ameulalia mzigo.

"Dada, halijapata hata tone la mvua," Njiwa alisema.

Mnana akamfunika kwa blanketi jipya, akalikimbiza lile la kwanza kwa Mama Panya. Tangu hapo, mzigo ukichelewa, huuliza kwanza habari za mchukuzi.