Daraja Limekatika

"Daraja bado limekatika," mpokezi alisema, macho makavu. Wiki ya saba sasa daraja lilikuwa limekatika, na kila asubuhi lori la mikate lilipita juu yake salama salimini.

"Basi nitangoja," mgeni akajibu, akarudisha begi lake dogo chumbani.

Alikuja kwa siku tatu, tena msimu wa mvua, wakati ufukwe mzima hauna hata mbwa. Wenzake huja baharini na kaptula. Huyu alikuja na tai na mwavuli. Kila mtu na starehe yake.

Hoteli nzima ilikuwa na wafanyakazi watatu, wote wa nyumba moja: mpishi, mkewe aliyefua na kutandika, na shemeji yake huyo wa mapokezi. Bosi wao, aliyekaa mbali mjini, alishawapigia simu: siku hoteli itakapokosa mgeni hata mmoja, anaifunga. Na watoto wanne wa mpishi walikuwa bado hawajajifunza kula mchanga.

Ndipo daraja likakatika.

"Shemeji, dhambi hii tutaiweka wapi?" mpishi aliuliza.

"Itie kwenye supu. Anapenda sana supu."

Mgeni alipenda kila kitu, masikini. Gazeti la siku hiyo hiyo lilimfikia mezani, labda liliogelea, naye akalisoma hadi matangazo ya vifo bila kuuliza limepita wapi. Jioni alimfundisha kusoma kitindamimba wa mpishi. Bwege wa mwisho.

Mara mbili tatu, katikati ya chakula, aliweka kijiko chini akakohoa. "Kuna jambo nilitaka kuwaambia..."

Mke wa mpishi alimwahi. Wahenga walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe. Huyu siku ya hamsini alipewa sahani ya pili, maana anayetaka kuaga hutafutiwa cha kutafuna. Mgeni aliitazama sahani, akawatazama wao mmoja mmoja, akala.

Wiki ya nane mvua ikakoma na jua likawaka. Mke wa mpishi akapanda ngazi na shuka safi. Leo mgeni angeweza kwenda kulitazama daraja kwa miguu yake, na hapo ndipo ungekuwa mwisho wao.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Mgeni alikuwa ameketi kitandani, simu sikioni, lile begi dogo limefunguliwa magotini, na ndani yake bahasha tatu.

"Hapana, bosi," alikuwa akisema, macho makavu. "Barua zao za kuachishwa kazi ninazo, zote tatu. Lakini huko hotelini sijafika bado. Si nilikwambia daraja limekatika?"