Kinu cha Nyaluak

Kizza alibonyeza kitufe asichokijua, na kinu cha nyuklia kikapasuka. Chembe nyeupe zilitoboa ukuta zikatapakaa kwenye kioo chote cha kompyuta. Mwanajeshi akamzaba kofi lililomtoa kitini.

"Umesema hii iko yako," alisema. "Washa tena."

Kizza alinyanyuka akitema damu. Uongo alioutunga mwenyewe ulikuwa umemnasa. Yeye alikuwa Mganda wa kuchaji simu na kukodisha kompyuta katika mtaa wa Thongpiny, jijini Juba, michezo hakuijua. Kinu kilikuwa cha Nyaluak, mwanamke aliyekuwa msaidizi wake dukani. Alikuwa akikijenga katika mchezo wa chembechembe: unamwaga gesi, unaichemsha kuliko jua, unaizungushia ukuta usioyeyuka, mpaka chembe ziungane na kutoa nguvu.

Hata asubuhi ile ya Desemba, risasi zilipoanza na majirani wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, Nyaluak alikataa kuondoka. Eti hawezi kukiacha kinu. Kizza alimtukana mpaka akaishiwa matusi. Halafu wanajeshi wakaanza kuwatoa watu wa kabila la Nyaluak nyumba kwa nyumba na kuwaua barabarani, ndipo Kizza akamwingiza kwenye tangi tupu la maji nyuma ya duka na kulifunika. Fundi viatu wa jirani alikuwa amelala mlangoni pa duka, nusu ya uso haipo. Nchi yenyewe, iliyopata uhuru juzijuzi tu, ilikuwa bado inajifunza kuimba wimbo wake wa taifa.

Mwanajeshi huyu, kwa chale za usoni, alikuwa wa kabila la wale waliokuwa wakiua. Mwenzake alisimama mlangoni na bunduki, akitazama.

"Mwenye kujenga hii iko wapi?"

"Ni mimi, afande."

Kitako cha bunduki kikampata mbavuni. Alipojikunja, mwanajeshi aliinama, akamnong'oneza sikioni: "Yeye bado iko mzima?"

Kizza alijishika mbavu. Kumbe walikuwa na habari kwamba kuna mmoja amebaki.

"Simjui unayemsema, afande."

Mwanajeshi alimtazama, kisha akamgeukia mwenzake na kusema Kiarabu cha Juba. Kizza aliambulia neno moja tu, kalas, yaani kwisha. Mwenzake alicheka akaenda zake. Kizza alijua mwanajeshi anataka nini anapobaki peke yake mahali alipofichwa mwanamke.

Mwanajeshi alitega sikio mpaka kishindo cha buti kikapotea. Akaegemeza bunduki ukutani, akaketi mbele ya kompyuta, akaanza kukitengeneza kinu. Alifuta ukuta uliotoboka, akaweka mwingine, akapunguza gesi. Kinu kikawaka, kikatulia. Akatabasamu.

Kizza alilichukia tabasamu lile kuliko kofi. Nje kuna mtu alikuwa akimwita mama yake, ukasikika mlio, akanyamaza, na huyu hapa anacheza.

"Sasa," mwanajeshi alianza, bila kugeuka.

Kizza alikuwa ameshachukua komeo la chuma la mlango. Pigo la kwanza lilipasua kisogo. Mengine yaliyofuata yalikuwa ya kumlipizia fundi viatu. Alipiga hata baada ya mtu kuacha kutikisika, mpaka chuma kikamteleza mikononi kwa damu. Alisikia raha, yeye ambaye hakuwahi kupiga hata mbwa, na raha ile ikamtisha.

Alikimbia nyuma, akafunua tangi, akamvuta Nyaluak nje.

"Haraka, twende kambini. Njia iko wazi."

Nyaluak alitangulia kuingia dukani, akasimama ghafla. Kisha akapiga magoti kwenye damu, akakigeuza kile kichwa kwa mikono miwili, akakilaza mapajani pake.

"Kizza," aliuliza polepole, "nani ameua mume wangu?"