Mkoba wa Vipande

"Shoga, hujauona mkoba wangu wa vipande?" akaniuliza mwenzangu wa cherehani ya jirani.

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa juu ya mkoba huo, chini ya meza.

"Sijauona," nikamjibu, huku nikikanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

Mwezi mzima tulikuwa tukishona mashati ya shule: kola, vifungo vitano, mfuko kushoto, kola, vifungo vitano, mfuko kushoto. Mchana, wakati wa mapumziko, sisi mafundi wengine tulilalia meza kama wagonjwa. Yeye alitoa mabaki ya vitambaa mkobani mwake akawashonea wanasesere vigauni, huku anaimba. Anaimba! Kila akicheka peke yake, roho iliniuma.

Jioni nikaondoka na mkoba. Nyumbani nilijifungia chumbani, nikachagua kipande cha maua mekundu, nikakata bila kupima, kama alivyofanya yeye. Nikashona. Hata wimbo wake nikauimba.

Nilipomaliza nilikinyanyua kigauni changu nikione vizuri, na wimbo ukaniishia mdomoni.

Kilikuwa na kola. Kilikuwa na nafasi ya vifungo vitano. Na kifuani, upande wa kushoto, kimfuko kidogo, kimenyooka kweli kweli.