Woga wa Bi Msimu

Sheria ilimtaka kila mkunga, na kila mama anayejifungua, abandike nyuma ya sikio kibandiko cha utulivu, kinachozima woga na kila hisia kali. Siku bintiye Rukiya aliposhikwa na uchungu, Bi Msimu alikibandua chake. Moyo ukamwenda mbio kama wa mwanagenzi.

"Mama, unatetemeka kama kifaranga!" Rukiya alicheka, kibandiko chake kikiwa mahali pake.

"Cheka tu, mwanangu. Woga huu ndio macho yangu leo."

Woga ukamfanya asikilize mapigo ya mtoto mara ya pili, kisha ya tatu. Hapo akasikia yakizorota, akamlaza Rukiya ubavu upesi. Mtoto alitoka amezungukwa shingo na kamba ya kitovu, Bi Msimu akaifungua, na mtoto akalia.

Bibi yake pia alilia. Rukiya alimtazama mwanawe kwa utulivu, akauliza kama chai ipo.